Mbayuwayu Wawili Wenye Koo Jekundu



Juma hili wengi mmeniuliza, baada ya Misa na hata njiani, kwa nini ukuta wa mbele wa kanisa letu hapa Matai umepakwa chokaa kutoka chini hadi juu kidogo ya mlango, na kuanzia hapo hadi kwenye paa umeachwa na uchakavu wake. Wapo waliodhani fedha za ukarabati zimekwisha. Yupo aliyedhani fundi ametoroka. Fedha zipo, na fundi naye yupo, tena ana hamu ya kumaliza kazi yake. Sababu ni ndege. Na kwa kuwa habari yao ni ndefu kuliko matangazo ya mwisho wa Misa, nimeona heri niiandike hapa.

Ndege hao ni mbayuwayu. Chini ya paa la baraza, mahali walipojengea tangu kabla sijahamishiwa parokia hii, pana viota vitano vya udongo vilivyogandishwa ukutani mithili ya vikombe vilivyokatwa nusu. Chini ya viota pana kinyesi, na kinyesi hicho huwaangukia waamini, hasa siku ya Dominika ambapo watu husimama barazani wakisalimiana. Mwezi Oktoba Halmashauri Walei ilipanga kwamba viota vikwanguliwe kabla ya Noeli, ukuta upakwe chokaa, na jambo liishe. Mzee mmoja wa Halmashauri, mtu wa busara ambaye neno lake halipotei bure, ndiye aliyetoa hoja iliyowanyamazisha wajumbe wote.

"Baba Paroko," alisema, "hawa ni ndege wa Ulaya. Huja huku kukimbia baridi, na mwezi wa nne hurudi kwao. Nyumba yao iko huko. Tukiwabomolea hapa, tumewapunguzia nini?"

"Mzee wangu," nikamjibu, "nipe majuma mawili. Niruhusu kwanza niwapige picha."

Wajumbe walicheka, maana wanaijua kamera yangu na mapenzi yangu kwayo. Lakini hoja ya mzee ilikuwa ya haki, na ilikuwa ya aina inayoweza kupimwa. Ikiwa ndege wa barazani ni wageni wasiolea makinda huku, kukwangua udongo wao ni usafi tu. Ikiwa ni wenyeji wanaolea humo, basi mwezi Novemba tungekuwa tunaangusha mayai na makinda sakafuni, mbele ya mlango wa kanisa. Jibu la swali hilo ndege wamelivaa vifuani mwao.

Mgeni aliyesemwa na mzee yupo kweli. Ni mbayuwayu wa Ulaya, ambaye Linnaeus wa Uswidi alimwandika kwa jina la Hirundo rustica mwaka 1758. Uzito wake ni kama gramu 20, yaani pungufu ya barua ya kawaida pamoja na bahasha yake ikiwa imeandikwa na mtu mwenye maneno mengi kama mimi. Wale wanaoatamia Ulaya hushuka Afrika kuanzia Septemba na kuondoka kufikia Aprili au Mei. Kwa karne nyingi watu wa huko hawakujua ndege hao huenda wapi wakati wa baridi. Aristotle aliandika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni wakiwa wamenyonyoka manyoya. Olaus Magnus, Askofu Mkuu wa Uppsala aliyekuwa uhamishoni Roma, alichapisha mwaka 1555 kitabu kinachosema kwamba wavuvi wa kaskazini huwavua mbayuwayu kwa nyavu kutoka majini, chini ya barafu. Askofu Mkuu, jamani! Mambo yalianza kunyooka watu walipobuni kuwavika ndege pete ndogo zenye namba. Mwezi Mei 1911 mwanasheria Mwingereza aitwaye J. R. B. Masefield alimvika pete mbayuwayu nyumbani kwake Cheadle, katika jimbo la Staffordshire. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika ya Kusini.

Kwa hiyo mzee alisema kweli kuhusu safari. Lakini mbayuwayu wa Ulaya akiwa huku kwetu hajengi. Anakula wadudu, anabadilisha manyoya ya mabawa, na usiku analala katika matete pamoja na maelfu ya wenzake. Udongo haugusi. Kiota chake kiko katika zizi au chini ya paa la nyumba huko alikotoka, na humo ndimo anamolelea. Basi kama mgeni hajengi, nani amejenga barazani?

Hapa ndipo anapoingia mbayuwayu wa pili, ambaye ukimwona kwa haraka utaapa kwamba ni yule yule. Vitabu humwita mbayuwayu wa Angola, Hirundo angolensis, kwa kuwa Barbosa du Bocage, mtaalamu wa wanyama wa Lisbon, alimweleza mwaka 1868 kutokana na ndege wa nchi hiyo. Jina hilo lisiwapoteze. Huyu haji kutoka Angola kama mkimbizi. Ni mwenyeji wa nyanda za juu za sehemu hizi, upande wetu na upande wa Zambia, na hujenga kiota cha udongo chini ya mapaa, madaraja na miamba. Mgongo wake ni wa buluu iliyokoza yenye kung'aa, sawa na wa mgeni. Paji la uso ni jekundu la kahawia, sawa na la mgeni. Koo ni jekundu, sawa na la mgeni.

Tofauti inaanza chini ya koo. Mgeni ana mkanda mpana wa buluu-nyeusi unaovuka kifua chote bila kukatika, kama stola iliyolazwa, na wekundu wa koo lake unaishia juu ya mkanda huo. Mwenyeji ana wekundu unaoteremka hadi kifuani, na mkanda wake ni mwembamba, aghalabu umekatika katikati, umebaki kama vipande viwili pembeni. Chini ya hapo, tumbo la mgeni ni jeupe au la rangi ya maziwa; la mwenyeji ni la majivu. Wengi hukimbilia mkia, kwa sababu mgeni aliyekomaa ana nyuzi mbili ndefu nzuri mkiani na mwenyeji anazo fupi. Mimi siuamini mkia. Mgeni mchanga, aliyeanguliwa mwaka huo huo, hufika kwetu akiwa na mkia mfupi, na hata mkubwa akibadilisha manyoya hubaki nao mfupi kwa muda. Anayeamua kwa mkia atamwita mgeni mwenyeji mara nyingi sana. Tazama kifua kwanza, kisha tumbo, na mkia uwe shahidi wa mwisho.

Haya yote ni rahisi kuandika. Kuyaona kwa ndege anayeruka ni jambo jingine, na ndiyo maana nilitaka picha. Mbayuwayu akiruka bila haraka huenda kama mita 10 kwa sekunde. Ukiipa kamera sehemu ya 125 ya sekunde, muda ambao unatosha kwa picha ya Kipaimara, ndege atakuwa amesogea sentimita 8 kabla kilango cha kamera hakijafunga, nawe utapata mstari wenye ukungu. Ukiipa sehemu ya 2,000 ya sekunde, atakuwa amesogea nusu sentimita, na hapo unaweza kuanza kuona kifua. Kilango hicho mafundi wa picha wa Sumbawanga hukiita shata. Kasi ya namna hiyo inataka jua la kutosha. Tatizo la pili ni anga. Kamera ikiona anga jeupe hudhani mwanga umezidi, hivyo hupunguza, na ndege anatoka mweusi tii kama kasisi mwenye kanzu. Ni lazima uongeze mwanga kwa hatua moja au moja na nusu kuliko kamera inavyotaka, anga liungue likitaka, mradi tumbo la ndege lionekane.

Tatizo la tatu hawalisemi sana vitabuni, nami nimelijua kwa kukaa Ufipa: udongo wetu mwekundu. Ndege akiruka chini chini juu ya uwanja mkavu wakati wa jua kali, wekundu wa ardhi unamulika tumbo lake kutoka chini, na tumbo jeupe linatoka la kahawia kwenye picha. Jua la jioni hufanya vivyo hivyo. Picha ya saa kumi na mbili jioni inapendeza sana kutundikwa sebuleni, ila haifai kuhukumia rangi ya tumbo. Nilichagua asubuhi zenye mawingu, saa mbili hadi saa nne.

Mvua za kwanza zilinisaidia zaidi ya lenzi. Barabara ya lami itokayo Sumbawanga kupitia hapa kwenda bandari ya Kasanga ina nyaya za umeme kando yake, na ndege hupumzika juu ya nyaya hizo. Penye njia ya vumbi inayoingia kanisani palituama maji, na kando ya maji palikuwa na tope zuri la kujengea. Niliegesha gari hapo, nikashusha kioo, nikaweka lenzi juu ya mfuko wa mchele mlangoni, nikakaa. Ndege hawaliogopi gari kama wanavyomwogopa mtu. Watoto walinisalimu asubuhi mbili za kwanza; ya tatu walinizoea kama jiwe.

Katika asubuhi sita nilipiga picha nyingi mno, na nyingi ya hizo ni za anga tupu. Zilizobaki zilitosha. Ndege wenye mkanda mzima na tumbo jeupe walikuwa juu ya nyaya kwa makumi, wakijisafisha manyoya, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kwenye tope. Walioshuka walikuwa wachache, wawili wawili, na kila aliyeinua kichwa akiwa na donge mdomoni alikuwa na koo jekundu lililomwagika kifuani, mkanda uliokatika, na tumbo la majivu. Donge hilo lilipelekwa barazani, mita themanini kutoka pale, mahali ambapo viota viwili vilikuwa vinakarabatiwa. Katika vile vitatu vingine wazazi walikuwa wanaingia na wadudu. Ninayo picha moja ninayoipenda kuliko nyingine: waya mmoja, ndege wawili kando kando, mgeni kushoto na mwenyeji kulia, mwanga mmoja, umbali mmoja. Mtoto wa darasa la pili akiitazama anaonyesha tofauti kwa kidole bila kufundishwa.

Niseme kidogo kuhusu jamaa wengine, maana mmezoea kuniletea picha za simu mkiuliza. Yule mwembamba mwenye utosi mwekundu na koo jeupe, mwenye nyuzi mbili mkiani kama sindano, anayekaa kwenye makaravati karibu na maji, ni mbayuwayu mkia-waya. Jina lake la kitaalamu, Hirundo smithii, ni kumbukumbu ya Christen Smith, mtaalamu wa mimea kutoka Norwei aliyefariki mwaka 1816 katika msafara wa Mto Kongo. Huyo hachanganywi na mtu, kwa sababu ya koo jeupe. Yule mwenye michirizi myeusi kifuani na kiuno chekundu ni mbayuwayu milia. Kiota chake kimefungwa na kina mlango kama shingo ya kibuyu. Mara nyingine mlango huo hutoka ndege mweusi wa mabawa ya mundu mwenye kiuno cheupe. Huyo si mbayuwayu kabisa. Ni teleka, na amemnyang'anya mwenye nyumba. Teleka hutamwona amekaa juu ya waya hata siku moja. Vidole vyake vimeumbwa kushika ukuta.

Kosa hili la kumdhania ndege mmoja kuwa mwingine ni la kale kuliko kanisa letu. Nilipopeleka picha kwenye kikao, katekista alisimama akasema kwamba, mwenyeji au mgeni, Tobiti alipofuka kwa kinyesi cha ndege aliyelala chini ya ukuta wao, na sisi tunawaweka wazee chini ya ukuta wa namna ile ile. Hoja nzito hiyo! Lakini andiko la Kigiriki la Kitabu cha Tobiti linataja shomoro. Aliyeandika mbayuwayu ni Mtakatifu Yeronimo katika Kilatini chake. Naye mwenyewe anasema katika dibaji kwamba kazi ile ya kutafsiri Tobiti aliimaliza kwa siku moja, akisaidiwa na mtu aliyemsomea. Na yule ndege wa Yeremia sura ya 8, ajuaye majira ya kurudi kwake, ambaye katika Kiswahili tumezoea kumwita mbayuwayu, ana jina la Kiebrania ambalo Waisraeli wa leo wanampa teleka. Niliyasema hayo kwa ufupi, kwa sababu nilimwona mweka hazina akitazama saa.

Kisha nikawasimulia habari ya misheni ya San Juan Capistrano huko California, iliyoanzishwa na Wafransisko mwaka 1776. Kanisa lake kubwa la mawe liliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 1812, na mbayuwayu wa aina nyingine, wa magenge ya Amerika, wakajenga kwa mamia katika magofu yake. Padre St. John O'Sullivan, aliyeitunza misheni ile mwanzoni mwa karne ya 20, alieneza sifa ya ndege hao, na watu wakawa wanakusanyika kila tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, kuwapokea wakirudi kutoka Amerika ya Kusini. Miaka ya 1990 magofu yalipoimarishwa, viota vya zamani viliondolewa. Ndege wakahamia kwingine. Watu wa misheni wamejaribu kuwaita tena kwa viota vya bandia na hata kwa sauti zao zilizorekodiwa, na sikukuu inaendelea kufanyika kila mwaka, ndege wawepo wasiwepo.

Yule mzee alisikiliza yote. Akaishika kompyuta, akaitazama picha ya waya mmoja kwa muda mrefu, akairudisha. "Nimeona," alisema. "Hawa wa hapa ni wa hapa. Lakini anayefagia barazani kila asubuhi si Padre, ni yule mama. Nyinyi mnapiga picha, yeye anainama."

Watanzania tuna msemo wa akili za mbayuwayu kuchanganywa na za kwako. Siku ile akili za mzee ndizo zilizohitajika, maana hakuna picha inayojibu hoja ya namna hiyo. Tulimwita mama mwenyewe. Alisema kufagia hakumchoshi. Kinachomchosha ni kukwangua kilichokauka ukutani, na akauliza kwa nini hatukuwahi kuweka ubao. Kwa hiyo zimepigiliwa mbao tano, moja chini ya kila kiota, umbali wa urefu wa mkono kutoka kwenye udongo ili nyoka na paka wasipate ngazi, na kila mbao itashushwa na kuoshwa Jumamosi na vijana wa kwaya, kwa zamu iliyobandikwa. Chokaa kitapanda hadi kwenye paa makinda yatakaporuka, ambayo ni kama majuma matatu baada ya kuanguliwa, ila wenyeji hawa huweza kuatamia zaidi ya mara moja, hivyo Halmashauri italitazama jambo hili tena mwezi Machi. Mzee aliomba iandikwe katika muhtasari kwamba yeye alipinga, kwa sababu mlango wa kanisa si mahali pa kufugia. Imeandikwa.

Picha ya waya mmoja nimeibandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na orodha ya michango.

Nina ombi kwa ninyi mnaolima mbali na kijiji, kwenye nyasi fupi za nyanda za juu. Mnajua yule mbayuwayu mweusi wote anayeruka polepole kando ya misitu na kuchimba kiota katika kingo za udongo. Yupo mwingine anayefanana naye kwa mbali, mbayuwayu buluu, ambaye dunia nzima sasa inahesabu kuwa yumo hatarini, kwa kuwa nyasi zake zinageuzwa mashamba na misitu ya kupandwa. Huja kuatamia kuanzia Septemba katika nyanda kama Kitulo, ile wenyeji waliyoiita Bustani ya Mungu, na mwezi Aprili huondoka kwenda nchi za kando ya Ziwa Viktoria. Juani anang'aa buluu, nyuzi za mkia wake ni ndefu, na kiota chake hukibandika ndani ya shimo la ardhini, mara nyingi lililochimbwa na mhanga. Kila ndege mweusi niliyempiga picha hadi leo amekuwa yule wa kingoni. Mkimwona ndege wa buluu-nyeusi akizama ardhini katika shimo la mhanga, msilifukie. Nipigieni simu, hata kama ni saa ya chakula.

Dominika njema.